Mtoto aliyepangiwa kazi kabla ya kuzaliwa

Mhudumu wa kantini anaingia ofisini kwa bosi na chakula mkononi. Ni mjamzito, amechoka, na baba wa mtoto hayupo. Kabla hajatoka, anaishiwa nguvu na kuanguka. Waliomo ofisini wanababaika. Wawili kati yao, ambao kazi yao ni kuandika hadithi za filamu na ambao siku hiyo hawana hadithi hata moja, wanapata wazo. Tatizo lao limekwisha. Mtoto atakayezaliwa ndiye atakayekuwa nyota wa filamu yao ijayo.

Kutoka hapo ndipo mambo yanapochangamka katika Boy Meets Girl, filamu ya vichekesho ya Kimarekani iliyotolewa na kampuni ya Warner Bros. mwaka 1938. Ni filamu nyeusi na nyeupe, haifiki saa moja na nusu, na watu wake wanaongea kwa kasi ya dalali wa mnadani. Ni ya aina ya vichekesho vilivyopendwa sana Marekani miaka ile: hila inazaa hila nyingine, uongo mdogo unakuwa mkubwa, na mwenye akili timamu ndiye anayeonekana kichaa.

Mtazamaji anaweza kucheka mwanzo hadi mwisho. Lakini mzazi akiitazama leo, huku simu yake ikiwa imejaa video za watoto wanaocheza, wanaoimba na wanaotangaza bidhaa, huenda kicheko kikamkwama. Kwa sababu chini ya mzaha wote kuna swali moja ambalo halijazeeka: mtoto anapoanza kuingiza fedha, nani anasimama upande wake?

Kiwanda kilichomiliki watu

Ili kuielewa filamu hii, ni vizuri kujua jinsi Hollywood ilivyofanya kazi wakati huo. Biashara ya filamu ilikuwa mikononi mwa kampuni chache. Kubwa zilikuwa tano: MGM, Paramount, Warner Bros., 20th Century-Fox na RKO. Hizi zilitengeneza filamu, zikazisambaza, na zilikuwa na majumba yao ya sinema ya kuzionyesha. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani ndiyo iliyotoa hukumu iliyovunja utaratibu huo wa kampuni moja kushika kila kitu.

Waigizaji nao walikuwa kama mali ya kiwanda. Mkataba wa kawaida ulidumu hadi miaka saba. Studio ilimchagulia mwigizaji filamu za kucheza, ilimpa jina jipya ikipenda, na ilimtungia hadithi za kupeleka magazetini. Akikataa kazi, alisimamishwa bila mshahara, na siku alizosimamishwa ziliongezwa mwishoni mwa mkataba, kwa hiyo miaka saba ingeweza kuvuka saba. Mwigizaji Olivia de Havilland ndiye aliyeishtaki Warner Bros. juu ya jambo hilo, na mwaka 1944 mahakama ya California ikampa ushindi.

Hata James Cagney, anayecheza kama mmoja wa waandishi wale wawili, alikuwa ameipeleka Warner Bros. mahakamani na kuishinda mwaka 1936. Alikwenda kufanya kazi kwenye kampuni ndogo, kisha akarudi. Boy Meets Girl ni filamu ya kwanza aliyoicheza kwa mabosi zake wa zamani baada ya kurudi. Mtu aliyewashinda waajiri wake kortini alilipwa na waajiri hao hao kucheza mwandishi anayemzungusha bosi wa studio.

Hadithi yenyewe iliandikwa na mke na mume, Bella na Samuel Spewack, waliowahi kufanya kazi Hollywood na kuona mambo kwa macho yao. Kwanza ilikuwa tamthilia ya jukwaani mjini New York. Ilianza Novemba 1935 na ikaonyeshwa zaidi ya mara 600. Warner Bros. ilipoinunua, Spewack hao hao ndio walioandika muswada wa filamu, na Lloyd Bacon akaiongoza.

Asiyekuwepo na lake halipo

Mtoto anazaliwa na kupewa jina la Happy. Anawekwa mbele ya kamera pamoja na Larry Toms, kauboi wa filamu ambaye umaarufu wake unafifia. Watazamaji wanampenda mtoto. Kauboi anasahaulika.

Sasa hesabu watu wanaomzunguka Happy, na kila mmoja anataka nini.

Waandishi wawili, Law na Benson, wamempa mama hati ya uwakilishi akaitia saini. Hati hiyo inawapa mamlaka ya kuamua kuhusu kazi ya mtoto. Hawana roho mbaya. Wanamchekesha mama, wanamhurumia, wanampenda kwa namna yao. Lakini hati iko mifukoni mwao, na wanaitumia kila bosi anapotaka kuwaondoa.

Bosi wa studio, C. Elliott Friday, anajiona msomi na mtu wa sanaa. Kwake Happy ni faida.

Wakala wa kauboi, Rossetti, anaona njia ya mkato. Kauboi akimuoa mama, atakuwa baba wa mtoto, na mtoto akishakuwa wake, fedha zitafuata. Kwa hiyo kauboi anaanza kumchumbia mwanamke ambaye hakuwa akimtazama mara mbili.

Waandishi wakihofia kunyang'anywa mtoto, wanabuni hila kubwa kuliko zote. Usiku wa uzinduzi wa filamu, huku redio ikitangaza moja kwa moja, wanamlipa mwigizaji wa pembeni ajitokeze na kudai kuwa yeye ndiye baba wa Happy. Mtangazaji wa redio katika tukio hilo ni kijana mmoja aliyekuwa mwanzoni mwa kazi yake ya uigizaji, Ronald Reagan, ambaye zaidi ya miaka 40 baadaye alikuja kuwa Rais wa Marekani.

Na mama mwenyewe, Susie? Ni mwema, ana imani na kila mtu, na hana mtu wa kumsomea maandishi madogo ya mkataba. Anatia saini anapoonyeshwa pa kutia saini.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Happy yupo kwenye kila tukio, amebebwa, amelala, amelia. Lakini kwenye mazungumzo hayupo. Hakuna anayeuliza kama taa zinamuumiza macho, kama amelala vya kutosha, au fedha zake zinawekwa wapi. Waandishi wa filamu hawakulisahau jambo hilo. Mzaha wao umejengwa juu yake.

Na hawakuwa wametia chumvi sana. Mwaka 1933 kampuni ya Paramount ilikuwa na mtoto aliyejulikana kama Baby LeRoy, aliyeanza kuigiza kabla hajatimiza mwaka mmoja. Mama yake mwenyewe alikuwa bado hajafikia umri wa kutia saini mkataba, hivyo babu ndiye aliyeitia. Baby LeRoy alicheza na mastaa wakubwa wa vichekesho, na kazi yake ya filamu ikamalizika kabla hajafika umri wa kwenda shule.

Mwaka huo huo, mahakamani

Filamu hii ilifika kwenye majumba ya sinema mwishoni mwa Agosti 1938. Miezi michache kabla, Aprili mwaka huo huo, kijana wa miaka 23 alifungua kesi mjini Los Angeles dhidi ya mama yake mzazi na baba yake wa kambo. Jina lake lilikuwa Jackie Coogan.

Marekani nzima ilimfahamu. Akiwa mtoto mdogo alicheza na Charlie Chaplin katika The Kid, filamu ya mwaka 1921 kuhusu maskini anayemlea mtoto aliyetupwa. Sura yake iliuza filamu, midoli na bidhaa za kila aina. Makadirio ya fedha alizoingiza akiwa mtoto yalikuwa kati ya dola milioni 3 na milioni 4, fedha nyingi mno kwa nyakati zile.

Baba yake alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1935, miezi michache kabla Jackie hajatimiza miaka 21. Mama aliolewa na mtu aliyekuwa akisimamia mambo ya fedha ya familia. Jackie alipofikia utu uzima na kuuliza fedha zake, alijibiwa kuwa hakuna chake. Na sheria ya California wakati huo ilikuwa upande wa mama: kipato cha mtoto kilikuwa mali ya wazazi.

Kesi ilipomalizika, Jackie aliondoka na takriban dola 126,000. Zilizobaki zilikuwa zimekwisha kutumika.

Kelele za wananchi zilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 1939 California ilipitisha sheria ya kulinda mapato ya waigizaji watoto. Mpaka leo watu wanaiita Sheria ya Coogan. Ilimruhusu hakimu anayepitisha mkataba wa mtoto kuagiza sehemu ya fedha itengwe kwa ajili yake. Ilikuwa na mianya mingi, na watoto wengi waliendelea kupita kwenye mianya hiyo. Marekebisho yaliyoanza kutumika mwaka 2000 ndiyo yaliyotamka kuwa kipato cha mtoto ni mali ya mtoto mwenyewe, na kwamba asilimia 15 lazima iwekwe kwenye akaunti asiyoweza kuiguza mtu hadi afikie utu uzima.

Jackie hakupata faida ya sheria yenye jina lake. Aliendelea kuigiza, na miaka ya 1960 kizazi kipya kilimjua kwa kichwa chenye upara, akicheza kama mjomba wa ajabu katika kipindi cha televisheni cha The Addams Family.

Hata wazazi wenye mapenzi

Ni rahisi kusoma habari ya Coogan na kusema: huyo alikuwa mama mbaya, sisi siyo hivyo. Habari ya Shirley Temple inafunga mlango huo.

Shirley alizaliwa mwaka 1928. Kuanzia 1935 hadi 1938 alikuwa nyota aliyeingiza watazamaji wengi kuliko mwigizaji yeyote Marekani, mtoto wa shule aliyewapita watu wazima wote. Studio ya Fox ilimpunguzia umri mwaka mmoja ili aonekane mdogo zaidi, na mwenyewe aliujua umri wake halisi akiwa tayari amekaribia kuwa msichana mkubwa. Mama yake alikuwa naye kila siku kazini. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa benki, na ndiye aliyeshika fedha.

Alipokuwa mtu mzima mwenye ndoa, Shirley aliketi na kupiga hesabu. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1988 alieleza kwamba kati ya zaidi ya dola milioni 3 alizoingiza, zilibaki kama dola 44,000. Zilikwenda kwenye matumizi ya familia, kwa ndugu, kwa wafanyakazi, na kwenye biashara za baba ambazo hazikuleta faida. Hakuwashtaki wazazi wake wala hakuwachukia. Aliendelea na maisha, akaingia kwenye diplomasia, na kuanzia 1974 hadi 1976 alikuwa balozi wa Marekani nchini Ghana.

Kisa cha Shirley kinauma kwa njia nyingine. Hapakuwa na mwizi. Palikuwa na familia iliyokuwa ikiishi kwa kutegemea mtoto, na kila tumizi lilikuwa na sababu yake. Ada ya huyu, mkopo wa yule, nyumba kubwa zaidi kwa sababu mgeni wa heshima anakuja.

Filamu nyingine ya vichekesho, Bombshell ya mwaka 1933, ililionyesha jambo hilo mapema. Jean Harlow anacheza kama nyota anayeitwa Lola Burns. Baba anakula kwake, kaka anakula kwake, katibu wake naye ana mkono mrefu, na mtu wa matangazo wa studio anamtungia kashfa ili magazeti yauzwe. Lola akitamani kuasili mtoto na kuishi kama watu wengine, kila anayemtegemea anaharibu mpango. Lola ni mtu mzima na bado anashindwa kuwaambia hapana. Mtoto wa miaka sita atawaambiaje?

Studio imehamia mfukoni

Studio za zamani zilihitaji mageti, taa kubwa, wahasibu na wanasheria. Leo simu moja inatosha. Mzazi anaandika hadithi, anaongoza, anapiga picha, anazungumza na mwenye bidhaa na kupokea malipo. Yeye ni Law na Benson, ni Rossetti na ni Friday, wote ndani ya mtu mmoja. Na juu ya yote hayo, yeye ndiye mama au baba, mtu pekee ambaye mtoto angemkimbilia kama angeonewa na hao wengine.

Sheria zimeanza kulifuata jambo hili. Jimbo la Illinois nchini Marekani lilipitisha sheria, iliyoanza kufanya kazi Julai 2024, inayowataka wazazi wanaotengeneza fedha kwa video za mitandaoni kumtengea fungu mtoto anayeonekana sana kwenye video hizo. Akikua na kukuta hakutengewa, anaweza kwenda mahakamani. California, nyumbani kwa Hollywood, ilifuata mwaka huo huo. Ilichukua miaka 85 tangu Sheria ya Coogan kwa wazo lile lile kufika kwenye video za nyumbani.

Kwa Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Hilo ni jambo kubwa, lakini kati ya maneno ya sheria na sebule ya nyumbani kuna mzazi mwenye simu. Hakuna hakimu anayepitisha mkataba wa duka la nguo linalomtaka mtoto avae gauni na kucheka mbele ya kamera. Anayepitisha ni mama au baba.

Visa vya watoto wa Hollywood vinatoa mambo machache ya kushika.

La kwanza ni fedha. Malipo yakiingia kwenye simu ya mzazi na kuchanganyika na ya sokoni, hayatajulikana tena. Jackie na Shirley wote walifika utu uzima bila kujua hesabu yao. Kumfungulia mtoto akaunti yake benki, kuweka humo fungu la kila malipo, na kuandika kwenye daftari tarehe na kiasi, ni kazi ya dakika tano. Ikiwa familia inalazimika kutumia sehemu ya fedha hizo, iandikwe pia. Mtoto atakapouliza akiwa na miaka 18, daftari litajibu bila ugomvi.

La pili ni saini. Susie alitia saini kwa sababu watu waliompa karatasi walikuwa wachangamfu. Mzazi anayeombwa picha au video ya mtoto kwa ajili ya tangazo aulize kabla ya kukubali: itatumika wapi, kwa muda gani, na je, anaweza kuomba iondolewe? Kama mwenye bidhaa hataki kujibu kwa maandishi, amekwisha kujibu.

La tatu ni hapana ya mtoto. Mtoto mdogo hawezi kusoma mkataba, lakini anajua kulia, kuficha uso, kukimbilia chumbani. Hizo ni lugha. Anayelazimishwa kurudia mara nane mpaka "itoke vizuri" yuko kazini, hata kama yuko sebuleni kwao na aliyeshika simu ni mama yake. Na yapo mambo ya kutorekodiwa kabisa: mtoto akioga, akiadhibiwa, akiugua, akilia kwa uchungu. Video inayowachekesha watu leo itamkuta darasani kesho, mikononi mwa wenzake.

La nne ni kiwango cha utegemezi. Siku kodi ya nyumba inapoanza kusubiri video ya mtoto, mambo yamegeuka. Mtoto hawezi tena kuchoka, kunenepa, kung'oka meno au kukua, kwa sababu nyumba nzima itatetereka. Fox iliogopa Shirley akue. Mzazi hapaswi kufika mahali pa kuogopa hivyo.

Kuitazama pamoja

Boy Meets Girl inafaa kutazamwa na vijana wa sekondari, hasa wale wanaotamani kuwa maarufu mitandaoni. Kiingereza chake ni cha haraka, hivyo si ajabu wakahitaji kusimamisha na kurudisha nyuma. Mzaha mwingine ni wa zama zake na hautachekesha kila mtu.

Inapofika mwisho, hila za waandishi zimegeuka na kuwaangukia wenyewe, na uongo mwingine unahitajika kuwaokoa. Susie anapata mchumba asiyemtaka kwa ajili ya mkataba. Ni yule mwigizaji wa pembeni aliyelipwa ajifanye baba, ambaye kumbe alikuwa amempenda kweli. Anamchukua Susie na mtoto na kuondoka nao Hollywood. Kwa vichekesho vya miaka ile, hiyo ndiyo iliyohesabiwa kuwa heri: mtoto ametoka getini.

Baada ya filamu, mzazi anaweza kumuuliza kijana wake maswali mawili tu. Katika watu wote wale, ungempa nani hati yako aishike? Na katika video zetu za mwaka huu, ipo ambayo ungetaka tuifute? Swali la pili ndilo gumu, kwa sababu jibu likija, itabidi simu ichukuliwe na video ifutwe hapo hapo, hata kama ina watazamaji laki moja.